Mustang ya 1967, V8 ya 289: nianze na bodi, breki au injini?

Mkwaju67

Wakuu, habari za majukumu. Naomba ushauri wa wanaozijua Mustang za zamani kiundani. Gari ni hardtop (paa gumu, milango miwili) ya 1967, herufi ya tano kwenye namba ya chasisi ni C, yaani V8 ya inchi za ujazo 289 yenye kabureta ya njia mbili, Autolite 2100. Gia ni otomatiki ya C4, difu ya inchi 8, breki za dramu miguu yote minne, busta (kisaidizi cha nguvu ya breki) haina. Gari liko Ohio, na chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji imekula sakafu ya upande wa dereva hadi imetoboka. Mvua ikinyesha zulia linalowa, ingawa vioo vimefungwa. Injini inawaka, ila ikishapata moto inamisi.

Sitafuti gari la maonyesho. Nataka la kuendesha kuanzia theluji ikiisha hadi irudi, maili 65 kwa saa barabara kuu bila wasiwasi, na sura ya nje ibaki ileile ya 1967. Nafikiria diski za mbele, moto wa elektroniki, altaneta kubwa, gia ya mwendo tano, na pengine fyueli injeksheni. Nina mashine ya kuchomelea ya MIG ya volti 120, kompresa, stendi nne na gereji ya nyumbani ya gari moja. Fedha haitoshi kufanya vyote kwa mkupuo. Kipi kitangulie, na vitu gani havichanganyiki?

BatiNaMsasa

Mkuu, hilo zulia linalolowa ndilo la kwanza, kabla hujanunua hata boliti ya injini. Chini ya kioo cha mbele, pale penye matundu ya hewa, kuna sanduku la bati la matabaka mawili. Majani yanajaa humo, maji yanasimama, na shingo za bati zinazozunguka matundu ya hewa ya ndani zinaoza. Maji yanapita hapo yakishukia miguuni pa dereva na abiria. Ukibadilisha sakafu bila kuziba juu, sakafu mpya nayo itaoza.

Kupima ni rahisi. Toa zulia, ingia chini ya dashibodi na tochi, mtu mwingine amwage maji polepole juu ya matundu, kwanza kushoto, kisha kulia. Ukiona tone, sanduku limetoboka. Tiba ya kweli ni kutoboa alama za spoti weldi za bati la juu kwa drili maalumu, kulifungua, kurekebisha shingo za chini, kupaka epoksi na silanti ya viungo, ndipo ulirudishe. Kumwaga lami au faibagilasi kupitia matundu kunaficha tatizo msimu mmoja, kisha kutu inaendelea kula chini yake.

Gari hili halina chasisi ya kujitegemea. Sakafu, vizingiti vya milango na reli za chini ndivyo vinavyolibeba. Kwa hiyo kabla ya kukata chochote, funga mabomba ya mraba ya inchi 1 kukatisha nafasi ya mlango, moja la juu na moja la chini, na lingine toka mlango mmoja hadi wa pili. Stendi ziwe chini ya reli za mbele na chini ya difu, ili uzito ukae pale unapokaa gari likiwa barabarani. Pima mwanya wa mlango juu, katikati na chini, uandike kwa kalamu kwenye bati lenyewe. Kata upande mmoja tu, maliza, pima tena, ndipo uhamie wa pili. Ukikata pande zote kwa pamoja gari linajikunja katikati na mlango haufungi tena.

Bati la sakafu liwe geji 18, karibu milimita 1.2. MIG yako inatosha ukitumia waya wa inchi 0.023 na gesi ya argoni 75% kwa kaboni dayoksaidi 25%. Waya usiotumia gesi unachoma kwa joto kubwa na utakutobolea bati jembamba. Pale bati jipya linapolalia bati la zamani, toboa matundu ya milimita 8 kila baada ya inchi moja na nusu hadi mbili, uyajaze moja hapa, lingine kule. Kwenye maungio ya ncha kwa ncha usivute mstari mrefu: sentimita mbili, hama, acha ipoe, rudi. Bati likipata joto mfululizo linajikunja mawimbi ambayo puti haiwezi kuyaficha.

Tangi la mafuta litoke nje ya gari kabla ya cheche yoyote, maana juu ya tangi ndiyo sehemu ya sakafu ya buti. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu ndani kuna mvuke. Liweke nje kabisa, si kwenye kona ya gereji hiyohiyo, na betri uiondoe.

Kwa rangi: bati tupu, epoksi praima, silanti ya viungo juu ya epoksi, puti isiyozidi milimita 3, praima ya kujaza, msasa, rangi. Kama umetumia dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori, isuuze na uisugue hadi iishe kabisa kabla ya epoksi, la sivyo rangi itabanduka kama ngozi ya nyoka. Rangi za zamani za gari hizi zinaweza kuwa na risasi, kwa hiyo piga msasa wa maji, usiupige mkavu watoto wakiwa ndani ya nyumba. Rangi ya tabaka mbili inayochanganywa na hadina ina isosayanati. Barakoa ya mkaa haikutoshi kwa kazi ya muda mrefu kwenye gereji iliyofungwa. Inatakiwa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Kama huna, tengeneza bodi mwenyewe hadi praima na kazi ya mwisho umpe mwenye chumba cha rangi.

Jambo moja zaidi, usisahau minara ya shokapu. Angalia nyufa pale mkono wa juu unapofungwa. Ukileta brasi ya kuunganisha minara na ukuta wa injini, na matundu ya boliti yakagoma kukutana, minara imeinamia ndani. Irudishwe kwa jeki kwanza. Kulazimisha boliti hakuponyi kitu.

BrekiKwanza

Nakubaliana na BatiNaMsasa. Bodi ikishakuwa salama, zifuate breki, halafu umeme, nguvu ije mwisho kabisa.

Una bahati moja: 1967 ndio mwaka masta silinda ya vyumba viwili ilipoingia kwenye Mustang, kwa hiyo bomba moja likipasuka bado una breki nusu. Ila hiyo ni ya dramu, usiitumie na diski. Kwanza, chumba cha breki za mbele ni kidogo. Pedi zikilika, pistoni za kalipa (kibano cha pedi za diski) zinahitaji mafuta mengi zaidi kuliko silinda za dramu. Pili, masta ya dramu huwa na valvu ndogo kwenye tundu la kutokea, inayobakiza shinikizo la karibu psi 10 kwenye bomba. Dramu zina springi kali za kurudisha, zinaistahimili. Diski hazina. Pedi zinabaki zimegusa, diski inachemka, na baada ya maili chache gari linajifunga breki lenyewe. Nunua masta iliyotengenezwa kwa ajili ya diski mbele na dramu nyuma, na kwa sababu huna busta, chagua yenye kipenyo cha inchi 1 au 15/16. Ukubwa ukizidi hapo, mguu utachoka.

Kati ya masta na breki za nyuma weka valvu ya kurekebisha mgao. Ijaribu kwenye eneo pana lisilo na watu, na uiweke hivi: ukikanyaga kwa nguvu, magurudumu ya mbele yafunge kabla ya ya nyuma. Ya nyuma yakitangulia, gari linageuka mkia.

Angalia rimu kabla ya kulipa. Yako ni matundu 5 kwenye duara la inchi 4.5, sawa na milimita 114.3, na rimu za chuma za inchi 14 za gari la dramu mara nyingi zinagusa kalipa. Vifurushi vingi vya diski za inchi 11 vinataka rimu ya inchi 15. Muulize muuzaji kuhusu rimu uliyonayo hasa.

Mabomba: kopa-nikeli ya inchi 3/16, mdomo upigwe mara mbili. Shaba tupu haifai kwa breki, na viungo vya kubana kwa nati vya mabomba ya maji visikaribie gari. Hozi za mpira zibadilishwe zote tatu hata kama nje zinang'aa. Zikizeeka zinavimba kwa ndani, mafuta yanakwenda lakini hayarudi, na fundi asiyejua anabadilisha kalipa nzima bure.

Kijiti kinachosukuma masta kiwe na mchezo wa karibu milimita 1.5 kabla hakijagusa pistoni. Kikikaa kimesukuma, kile kitundu cha kurudishia mafuta kinazibwa, na joto likipanda breki zinajikaza. Toa hewa kwenye masta ikiwa mezani kwanza, halafu magurudumu: nyuma kulia, nyuma kushoto, mbele kulia, mbele kushoto. DOT 3 au DOT 4. Ile ya silikoni, DOT 5, usiichanganye nazo kamwe.

Ukigusa mbele, ukumbuke kwamba springi za gari hili zimekaa juu ya mkono wa juu, ndani ya mnara. Kibano cha springi cha kawaida cha magari ya sasa hakifai. Kuna kinachoingia kwa juu kupitia nafasi ya shokapu. Tumia hicho au usiguse. Springi ikikuponyoka inaua.

Na ukimaliza, usikubali fundi wa alaimenti afuate vipimo vya kitabu cha 1967, vile vilikuwa vya tairi za zamani. Kwa tairi za radial mwambie kasta (caster, mwinamo wa mhimili wa usukani) digrii chanya 2 hadi 3, kamba (camber, mlalo wa gurudumu) hasi nusu digrii, na toe (mwelekeo wa ncha za mbele za magurudumu) ya kuingia ndani inchi 1/8. Model yako ina kamu kwenye mkono wa chini kwa ajili ya kamba, na fimbo ya mbele inarekebishika kwa ajili ya kasta, kwa hiyo hakuna kuhangaika na shimu.

WayaMwekundu

Kuhusu kumisi injini ikipata moto: kabla ya kuilaumu kabureta, pima volti kwenye koili injini ikinguruma. Ford waliweka waya wa waridi wenye ukinzani kati ya swichi na koili ili pointi (swichi ndogo ya cheche ndani ya distribyuta) zisiungue, kwa hiyo ukisoma volti 6 hadi 9 ni kawaida kwa mfumo wa pointi. Waya huo umezeeka, na pointi zikiwa na mwanya mbaya inamisi. Mwanya ni inchi 0.017, plagi 0.034.

Ukiweka moto wa elektroniki kama Pertronix, moduli inataka volti 12 kamili. Kosa la kawaida ni kuunga kwenye waya uleule wa waridi. Gari linawaka vizuri asubuhi, halafu linakufa kwenye foleni moduli ikiwa moto. Vuta waya wa 12 kutoka upande wa swichi kabla ya ukinzani, au bora zaidi tumia rilei: waya wa zamani uwashe rilei, na rilei ilete umeme kutoka betri kupitia fyuzi.

Altaneta ya wakati ule inatoa takribani ampia 40. Ya Ford ya miaka ya 90 inayoitwa 3G inatoa 130 na ina regyuleta ndani, hivyo ile ya nje unaitoa. Hatari iko kwenye waya. Waya wa kuchajia wa 1967 haukuundwa kwa mzigo huo, utaungua ukutani. Vuta kebo mpya ya geji 4 kutoka altaneta moja kwa moja hadi kwenye betri, na fyuzi kubwa ya ampia 150 au 175 karibu na betri. Ardhi nayo: kebo nene kutoka betri hadi bloku, nyingine kutoka injini hadi ukuta wa bodi. Bodi iliyopakwa rangi upya haipitishi umeme, kwangua chini ya kila boliti ya ardhi.

Taa za mbele weka rilei mbili, moja ya juu moja ya chini. Umeme wote wa taa unapita kwenye swichi ya dashibodi, na swichi ikipata moto taa zinazimika usiku ukiwa kwenye mwendo. Sijui kwa nini watu wananunua taa za bei mbaya wakati waya wa zamani unawanyima volti.

Fyueli injeksheni ile inayokaa mahali pa kabureta, mfano Holley Sniper, ni kitu kizuri, ila iache kwa sasa. Inataka mafuta kwa shinikizo la karibu psi 58 hadi 60, wakati pampu yako ya kimekanika inatoa psi chache tu. Maana yake tangi jipya lenye pampu ndani, mabomba mapya, hozi za daraja la injeksheni zenye alama 30R9, rilei, na njia ya kurudishia mafuta. Hozi ya kawaida ya kabureta itapasuka juu ya ekzosi. Pia inataka sensa ya oksijeni kwenye ekzosi, iliyoinama angalau digrii 10 juu ya usawa ili maji yasiipasue. Ekzosi ikivuja kabla ya sensa, kompyuta inasoma hewa nyingi, inaongeza petroli, na plagi zinakuwa nyeusi huku kila mtu akidhani programu ndiyo mbovu.

Autolite 2100 ni kabureta bora kwa matumizi uliyosema. Ioshe, weka kifurushi kipya cha gasketi, na ubadilishe hozi zote za mafuta, maana petroli ya Marekani siku hizi ina ethanoli 10% na inalainisha mpira wa zamani.

Mkwaju67

Asanteni sana, nimeelewa kuhusu sanduku la kioo. Swali la nyongeza: kuna mtu anauza injini ya lita 5.0 ya Mustang ya 1989 pamoja na gia yake ya T5, ya mkono, mwendo tano. Nikiitoa 289 na C4, hivi vinaingia bila kukata bodi?

GiaYaTano

Vinaingia bila kukata, maana 5.0 ni ndugu wa 289: silinda ileile ya inchi 4.00, stroku 3.00 badala ya 2.87. Ila undugu huo ndio unaoponza watu, kwa sababu vitu vinafungika hata kama havipaswi kukaa pamoja.

Cha kwanza ni balansi. Krenki ya 289 imebalansiwa kwa uzito wa nje wa aunsi 28, ya 5.0 kwa aunsi 50. Flaiwili na puli ya mbele ya krenki lazima vitoke kwenye familia ya krenki hiyo. Ukifunga flaiwili ya 289 kwenye 5.0, boliti zinaingia bila shida, kisha injini inatetemeka mpaka beringi zinaharibika. Soma namba ya uzito kabla ya kufunga, usitegemee maneno ya muuzaji.

Cha pili ni fayaringi oda, yaani mpangilio wa silinda kuwaka. 289 ni 1-5-4-2-6-3-7-8. Hiyo 5.0 ni 1-3-7-2-6-5-4-8. Waya za plagi zifuate kamshafti, si maandishi ya manifoldi.

Cha tatu, kamshafti ya 5.0 hiyo ni ya rola, na meno yanayozungusha distribyuta yanatakiwa ya feleji. Distribyuta ya 289 ina meno ya chuma cha kutupwa. Ukiihamisha bila kubadili meno yatasagika, na unga wake utapita kwenye oili yote.

Cha nne, sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Ya 1989 ina mabonde mawili na inagonga kwenye mwamba wa mbele wa gari lako. Hamisha sampu ya 289 pamoja na bomba lake la kunyonyea oili na kava la mbele la taimingi, kwa sababu kijiti cha kupimia oili cha gari lako kinashukia kwenye kava hilo. Kava hilohilo ndilo lenye mahali pa pampu ya petroli ya kimekanika, kwa hiyo kabureta yako inaendelea kufanya kazi. Hapo sasa angalia pampu ya maji. 5.0 yenye mkanda mmoja mpana inazungusha pampu kinyume. Ukirudi kwenye mikanda ya V tumia pampu ya 289. Ukichanganya, maji hayazunguki na injini itachemsha, huku redieta, themostati na kila kitu kikiwa kipya.

T5: inatumia mafuta ya otomatiki aina ya Dexron, karibu lita 2.6. Oili nzito ya 90 inazifanya sinkroni zigome. Ya 1985 hadi 1989 inavumilia toku ya futi-pauni 265, ya 1990 hadi 1993 futi-pauni 300. Kwa 5.0 isiyochokonolewa inatosha, ila si kwa mtu wa kuachia klachi ghafla akiwa na tairi za mashindano. Kichwa cha propela cha C4 kina meno 28, na T5 hivyohivyo. Pima urefu gari likiwa limesimama kwa magurudumu: kichwa kikiingia hadi mwisho, kirudishe nje inchi 3/4 hadi 1, hapo ndipo urefu wako. Belihauzingi ya 1989 ni ya klachi ya kebo, haina mahali pa vyuma vya klachi vya 1967, kwa hiyo utahitaji pedali ya klachi na kifurushi cha kebo au cha haidroliki. Kabla ya kufunga giaboksi, pima kwa geji ya saa kama tundu la belihauzingi liko katikati ya krenki. Likizidi inchi 0.010 kwa mzunguko mzima, weka pini zilizohamishwa kituo. Wengi wanaruka hapa, kisha wanalalamika T5 ni dhaifu.

Halafu difu. Nyingi za otomatiki zina uwiano wa 2.80 hivi. Gia ya tano ya T5 ni 0.68, na kwa tairi ya kipenyo cha inchi 25 kwa maili 65 injini itazunguka takriban 1,660 kwa dakika. Inazembea, na kila kilima utashuka gia ya nne. Ukiweka 3.55 unapata karibu 2,100, ambapo 5.0 inavuta vizuri.

BrekiKwanza

Niongeze kwa GiaYaTano: usiitupe 289. Ifunike, ipake oili kwenye silinda, iweke kwenye stendi. Na kama ataamua kuibakisha, basi apime kompresheni kwanza. Silinda zote zikiwa karibu kusawazika, kazi ni ndogo. Hedi zikienda kwa fundi, viti vya valvu za ekzosi viwe vigumu kwa ajili ya petroli isiyo na risasi, na boliti za hedi zikazwe kwa hatua hadi futi-pauni 65 hadi 72.

GiaYaTano

Kweli kabisa. Na 289 ikipewa kamshafti mpya ya tapeti bapa, oili iwe na zinki ya kutosha, takriban sehemu 1,000 hadi 1,300 kwa milioni. Ikiwaka mara ya kwanza isiachwe ngurumo ya chini. Ipandishe mara moja hadi mizunguko 2,000 na zaidi, uibadilishebadilishe kati ya hapo na 2,500 kwa dakika 20 hadi 30. Tapeti hupata oili ya kurushwa na krenki, na ngurumo ya chini hairushi ya kutosha.

Kwa injini yoyote kati ya hizo mbili, kabla ya kuwasha toa distribyuta, ingiza soketi ya pembe sita ya inchi 1/4 kwenye drili, uzungushe pampu ya oili kinyume cha saa mpaka geji isome shinikizo na oili itokee kwenye roka zote. Huku mtu mwingine azungushe krenki kidogokidogo kwa spana. Kizima moto kiwe mkononi mwa mtu aliyesimama nje ya gari, si nyuma ya boneti. Taimingi ya 289 anza digrii 6 kabla pistoni haijafika kileleni, bomba la vakyumu likiwa limetolewa na kuzibwa, halafu hakikisha kwa mizunguko 3,000 jumla haizidi digrii 36.

Mkwaju67

Nimeelewa. Jumamosi namwaga maji kwenye matundu ya hewa, muuzaji wa 5.0 nimemwambia anitumie picha ya puli ya krenki na ya mbele ya injini kabla sijatoa pesa. Nitaleta vipimo vya milango hapa kabla ya kukata.